Sufuria za Masikio Manne

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Usiniulize namba ya mwaka. Namba za miaka nilizianza baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima, na hata huko nilizishika kwa mkia. Mwaka uliotangulia tulikula makopa, muhogo mkavu, mpaka watoto wakawa wanalia wakisikia harufu ya bada, ugali wake. Mwaka uliofuata mvua ilirudi, tukala mahindi yetu meupe. Katikati hapo ndipo unga wa njano. Ulikuja kwa malori kutoka ng'ambo, ulinuka gunia, ukiusonga unatoka ugali wa rangi ya kiini cha yai. Mtu yeyote wa Handeni wa rika langu ukimwambia mwaka wa njano, anashika tumbo.

Ndio mwaka huohuo nilipogombana na kijiji kizima kwa ajili ya sufuria.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Niliolewa Handeni, upande wa Kang'ata, na siku ya kuondoka mama yangu alinipa sufuria moja. Ya aluminiamu, nzito chini, mdomo umenyooka, ukiigonga inalia kama kengele ya shule. Mama alikuwa akiwapikia manamba kwenye mkonge, sufuria alizijua. Akaniambia, "Mume anaweza kukuacha. Hii haikuachi." Mume wangu hakuniacha, niseme kweli, ila mwaka ule alikuwa kibaruani huko mkongeni, na mama yangu alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa na watoto, jembe na ile sufuria.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tulipakiwa kwenye lori pamoja na mbuzi, milango na kuku. Dereva aliendesha kama anafukuzwa na nyuki. Vyungu vya kijiji kizima vilifika vigae. Wanawake wetu wafinyanzi walipelekwa kijiji kingine, na pale tuliposhushwa sisi ardhi ni mchanga mtupu, huwezi kufinyanga hata kikombe. Mimi sufuria yangu niliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mtoto mchanga mwenyewe nilimpa mama mkwe.

Kwa hiyo kulikuwa na watu wengi na vyombo vya kupikia vichache vya kuhesabika. Mwenyekiti wa kijiji akasimama mkutanoni akaahidi kila kaya sufuria mpya, tena ya kutengenezwa palepale kijijini.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema. Naliandika hili mapema kwa sababu mbele nitamsema sana. Hakuiba, hakupiga mtu, hakuchukua mke wa mtu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, usawa. Akigawa chumvi, alitamani kugawa chembechembe. Watoto wakicheza wawili wakamwacha wa tatu, alisimamisha mchezo.

Mtambo wa kutengenezea sufuria ulishushwa stesheni ya Korogwe ukaletwa kwa trekta. Ulikuwa na mkono mrefu wa chuma, wanaume wanne wanausukuma wakizunguka kama wanaokamua miwa. Wakizunguka, nguzo ya chuma inashuka taratibu. Chini yake kuna shimo la duara. Ukiweka bati lililokatwa duara katikati, nguzo inalisukumia shimoni na bati linageuka sufuria. Umeme haukuhitajika, na ni bora, maana umeme ulikuwa huko Hale unakozalishwa, nasi tuliusikia tu.

Bati lenyewe lilikuja robota moja kubwa, limekunjwa duara kama mkeka. Ghala lilikuwa linavuja. Mwenyekiti akawaza akapata. Mali ya wote ilindwe na wote. Akaamuru bati lote likatwe vipande vya mraba, pande zote sawasawa, asije mtu akapata kirefu na mwenzake kifupi. Kila kaya ikapewa kipande kukitunza mpaka mtambo uwe tayari. Tulivitunza. Mmoja alifunikia mtungi, mwingine aliwekea kuku walalie. Mimi changu nilikisimamisha ukutani, majogoo wakawa wanapigana na sura zao.

Kisha tukaambiwa wageni wa wilaya wanakuja kukagua. Mwenyekiti akapita nyumba kwa nyumba. "Mali ya umma ing'ae!" Basi wanawake tukaingia kazini. Tulisugua vile vipande kwa mchanga na majivu, kwa kuzungusha mkono kama unavyosugua sufuria, mpaka kila kipande kikawa kama mwezi. Wageni hawakuja. Bati liling'aa.

Kumbe pale ndipo tulipoharibu, lakini nani alijua.

Siku ya sufuria ya kwanza hakuna aliyekwenda shambani. Kipande cha mraba kikakatwa duara, vijana wanne wakasukuma, nguzo ikashuka, ikapanda. Mwenyekiti akaingiza mkono, akaitoa sufuria, akainyanyua juu.

Ilikuwa na masikio.

Manne. Mdomo wake ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kama watu wanne wameukamata kila mmoja kwa upande wake wakavuta. Ya pili ikatoka na masikio manne. Ya tatu ilipasuka ubavuni, na bado masikio ilikuwa nayo.

Kikongwe mmoja akauliza, "Hii ni ya kupikia au ya kufuga?"

Mwenyekiti hakucheka. Aliwatazama wale vijana wanne, akatazama yale masikio manne, nikaona wazo linaingia kichwani mwake kama ng'ombe anaingia zizini. "Mnasukuma bila usawa," akasema. "Kila mmoja anavutia kwake." Akamtoa mmoja. Wakasukuma watatu, jasho likawatoka. Masikio manne. Akawaweka wawili, mtambo ukagoma. Akasema wanaume wana ubinafsi, akaweka wanawake, na mimi nikiwemo. Tulisukuma tukiimba. Masikio manne, tena marefu kuliko ya wanaume.

Ikabidi aombwe mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa kijana amevaa suruali ya bugaluu, imefagia vumbi lote la kutoka Segera, maana kutoka pale njia panda alipanda lori la unga. Mkononi ana mkasi wa kukatia bati, rula na msumari. Akaniamkia, "Shikamoo mama," na mimi nilikuwa bado msichana kwa kweli, meno yote ninayo, lakini nikaipokea.

Alishika kipande changu cha bati, akakigeuza huku na huku, akakiinamisha juani. Akauliza, "Robota liliviringika kuelekea upande gani?"

"Upande gani vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Bati hupitishwa katikati ya magogo mawili mazito ya chuma mpaka liwe jembamba. Limepita kwenda upande fulani. Kwa kawaida unaona mistari midogo, kama ya kitana. Hapa siioni."

"Tumeisugua," tukasema wanawake, kwa fahari.

"Na vipande vyote ni mraba?"

"Sawasawa kabisa," akasema mwenyekiti, kwa fahari zaidi.

Yule kijana alikaa chini kwenye gogo. "Mraba hauonyeshi urefu wala upana," akasema.

Akatueleza kwa leso yake ya jasho. Akaishika pembeni akavuta kufuata nyuzi, haikwenda. Akavuta kukingama nyuzi, haikwenda. Akaishika pembe kwa pembe akavuta, leso ikanyumbuka. "Huu unaitwa mshazari," akasema. "Bati nalo liko hivyo. Linavutika upande mmoja kuliko mwingine. Likisukumwa shimoni, penye kuvutika zaidi panaota sikio." Nilielewa palepale. Kila anayeshona anajua nguo iliyokatwa mshazari inavyoning'inia. Mwenyekiti hakutaka kuelewa. Alimwambia, "Yaani bati linabagua?"

"Kwa namna ya kusema, ndiyo, mzee."

"Katika kijiji changu?"

Nina mjukuu anasomea mitambo. Ananiambia mambo haya wanafundishwa mpaka leo, na masikio wanayaita masikio hivyohivyo, na yeye aliambiwa darasani akaandika. Mimi nilichota maji kwa hayo masikio.

Basi kijana akaanza kupima. Kwenye vipande vichache vya kwanza alikata tepe tatu nyembamba kila kimoja, moja kwa urefu, moja kwa upana, moja kwa mshazari, ingawa urefu na upana ndiyo hivyo alikuwa anakisia. Tepe ilifungwa juu kwenye boriti ya karakana, na chini ikaning'inizwa mzigo, aone itarefuka kiasi gani kabla ya kukatika. Mzigo wenye uzito unaojulikana kijijini ulikuwa mmoja tu. Gunia la unga wa njano.

Gunia likaning'inia. Tepe ikarefuka kidogo, ikawa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu, pwaa! Gunia likaanguka, likapasuka, unga ukamwagika. Na unga uliomwagika chini hauwezi kurudi kwenye mgao. Kabla vumbi halijatulia wanawake tulikuwa tumeshazoa kwa khanga.

Tangu hapo hakuna kitu kilichopendwa kijijini kama elimu. Watu waliacha palizi wakaja kutazama. Tepe ikifungwa, watu wanaomba dua. Ikikatika upesi, vigelegele. Siku moja tepe ya mshazari ikagoma kukatika, inarefuka tu, inarefuka, gunia linashuka taratibu mpaka likakaa chini kistaarabu kama mgeni aliyekaribishwa. Watu wakaitukana. "Msaliti mkubwa! Bati la kabaila!" Kijana yeye alikuwa anaruka kwa furaha. Ndilo jibu alilolitaka.

Mwenyekiti akapiga marufuku magunia. Akasema mzigo atakuwa yeye mwenyewe, maana aliwahi kupimwa hospitali ya Korogwe na uzito wake anaujua. Akafungwa kamba kwapani akaning'inizwa. Ilikuwa tepe ya mshazari. Akashuka polepole machoni pa raia wake, kofia kichwani, mpaka vidole vya miguu vikagusa ardhi. "Endelea kuandika," akamwambia mtaalamu. Nani angeshindwa kumpenda mtu kama huyo?

Lakini kijana akasema kipimo bila cha kulinganishia ni nusu. Anataka sufuria nzuri, isiyo na masikio, akate tepe kwenye ubavu wake aone bati lake linavutika vipi. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema kiongozi hutangulia. Akaleta sufuria ya nyumbani kwake. Mkewe alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Kijana akaikata kati kwa kati, akatazama pale palipokatika, akakuna kichwa.

"Mzee, hii ni ya kumiminwa. Aluminiamu iliyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu. Haikupita kwenye magogo. Hainifai."

Mke wa mwenyekiti alikuja mbele, akachukua vile vipande viwili vya sufuria, akaenda zake. Mwenyekiti alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Kisha macho yote yakanigeukia mimi. Nilijua kwa nini, kijiji kizima kimekula kwenye sufuria yangu, kila mtu anajua mdomo wake ulivyonyooka.

"Mama," mwenyekiti akasema, "ni zamu yako kulijenga taifa."

Nilisimama. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Mkutanoni sikuwahi kufungua mdomo ila kwa kuimba. Nilifikiria watoto wangu, nikafikiria nitasongea nini. Mkono wa mama yangu ndio ulionipa kile chombo, na mkono huo sasa uko chini ya ardhi. Nikasema, "Sufuria yangu haikatwi. Si kwa urefu, si kwa upana, si kwa mshazari. Mwenye njaa alete unga."

"Ni tepe moja tu," kijana akasema.

"Sufuria yenye tundu moja tu inaitwaje?" nikamuuliza.

Mwenyekiti akasema asiyejitolea hasimami kwenye mstari wa unga. Alilisema kwa uchungu, lakini alilisema. Nikaondolewa kwenye mgao, mimi na watoto wangu, na kesho yake mwenyekiti na mtaalamu wangekuja nyumbani kuichukua sufuria kwa niaba ya umma.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mwanamume haepui chombo kwenye mafiga ya mke wa mtu. Nyumba ikiungua atatoa watoto, atatoa kitanda, atatoa mbuzi. Kilichoko motoni kitamsubiri mwanamke. Sijui nani aliliweka, ila sijapata kumwona aliyelivunja. Mwenyekiti alihubiri kuacha mila nyingi, lakini ile hakuigusa, na mimi nilijua haigusi.

Kwa hiyo alipofika asubuhi alikuta sufuria iko motoni.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Unapika nini?"

"Maji."

Akakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Kijana akakaa chini pembeni yake na mkasi wake. Jua likapanda.

"Hayajaiva?"

"Bado."

"Maji yanaiva lini, mama?"

"Nikiridhika."

"Kwani yanahitaji nini?"

"Unga," nikamwambia. "Ambao sina."

Alifuta jasho. Mimi niliendelea kuchochea kuni. Usoni nilikuwa jabari, ila tumboni nilikuwa nahesabu kuni zilizobaki. Unadhani mtu anaweza kupika maji wiki nzima? Na watoto walikuwa wananitazama, wakubwa wanajua hamna kitu, wadogo wanasubiri.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu, na unga wake wa mgao kwenye bakuli. "Si ulisema mwenye njaa alete?" Akasonga, akapakua, akaniachia konzi ya unga, maana mwenye chombo hapungukiwi. Hajamaliza, mwingine amefika. Walikuwa wanapika kwangu tangu zamani, mmojammoja, ila siku ile walikuja kama wameitwa kwa ngoma. Sufuria haikupata nafasi ya kupoa. Ikiepuliwa na huyu, inabandikwa na yule, na kina baba wawili wako nje wanatazama mvuke.

Mchana akaja mke wa mwenyekiti. Alimpita mumewe kama anapita kisiki. Ana ungo kichwani, unga ndani yake, na mlenda.

"Jirani, una nafasi mafigani?"

"Nafasi ipo. Mume wako anaisubiri sufuria aikate."

"Akate," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Ila leo anakula mlo wa mwisho. Yangu ameshaikata."

Alisonga taratibu, kwa nguvu, kama anamsonga mtu. Akapakua sahani mbili akawapelekea pale kwenye kigoda. Mwenyekiti akautazama ule ugali. Njaa ilikuwa njaa, hata kwa viongozi. Akanawa. Kijana alikuwa ameshaanza tonge la tatu.

Walikuja na kesho yake, na keshokutwa. Walikaa palepale, wakala palepale. Ikawa mwenyekiti anaendeshea kazi za kijiji mlangoni kwangu. Watu wanamletea kesi zao wakiwa na unga mkononi. Mara moja moja ananiuliza, "Imeepuliwa?" na ndani tunajibu kwa pamoja, "Bado!" Baadaye niligundua anauliza ili ajue kama zamu ya unga wao imefika.

Kijana ndiye aliyechoka kwanza. Alirudi karakana akafanya kazi aliyoikwepa. Kila kipande cha bati, kimojakimoja, alikikata tepe kwenye pembe, nje ya duara, akazivuta, akazilinganisha, akatambua lilipita upande gani magogoni, akakichora mshale kwa msumari. Kazi ya kukondesha mtu. Tukapeleka vipande mtamboni, mishale yote inatazama upande mmoja, mwenyekiti anasimamia. Vijana wakasukuma.

Masikio manne. Sasa yalikuwa yanatokea mahali palepale kila mara, amesema kweli mtaalamu. Yalikuwa na adabu. Lakini yalikuwa masikio.

"Ndiyo tabia ya bati hili," akasema, na alikuwa anacheka kwa uchovu. "Sasa tunajua yanapoota. Tuyakate kwa mkasi, mdomo utanyooka."

"Kukata ni kupunguza," mwenyekiti akasema. "Niliahidi kila kaya sufuria kamili. Watapewa na masikio yake."

Ndivyo zilivyogawanywa. Kila kaya sufuria moja, masikio manne, hakuna aliyezidiwa sikio. Mfuniko ulikuwa haukai, mvuke unatoka pande nne, ila tuliyakunja kwa nje tukayashikia. Siku hiyohiyo mwenyekiti mwenyewe alinirudisha kwenye mstari wa unga. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Mama, pita mbele, una watoto." Na mkewe alipokea sufuria yake mpya, akaigeuza, akayatazama masikio, akamtazama mumewe. "Hii angalau inasikia," akasema.

Kijana alipokuwa anaondoka alikuja kuniaga. Lori la unga lilikuwa linaunguruma barabarani. Nilikuwa naisugua sufuria kwa majivu, ya kwangu, mara ya kwanza imepoa. Akachuchumaa akautazama ule mdomo ulionyooka kama mtu anavyotazama mchumba wa mwenzake.

"Mama, nakuuliza kwa heshima tu," akasema. "Sitalala mpaka nijue bati lake lilikuwa namna gani. Kipande kama ukucha mmoja. Hapa kwenye mdomo. Hakuna atakayeona."

Nilimhurumia. Alikuwa mtoto wa mtu, amekonda, amekula kwangu siku zote zile na sahani hakuiacha chafu. Nikampa kiporo cha ugali wa njano kwenye jani la mgomba ale njiani. Kisha nikamwambia:

"Sufuria yangu haikatwi. Si kwa urefu, si kwa upana, si kwa mshazari. Mwenye njaa alete unga."